Beberu Aliyeacha Kunuka

Nitawategea kimoja kabla hatujafika mbali. Mgeni wangu hakubisha hodi. Alikaa kwenye kiti cha baba, akalala kwenye mto wa mama, akaingia kanisani ndani ya koti la mtu, na kila aliyekutana nasi alimsikia yeye kabla hajatuona sisi. Msihangaike kunipa mji, jibu nawapa mwenyewe: ni harufu ya beberu. Mwezi wa kumi wa mwaka 2015 harufu hiyo ilikuwa imehamia kwa Bisimwa na mke wake Esperance, mjini Louisville, ghorofa ya pili, na kodi ilikuwa hailipi.

Bisimwa alipakia maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, zamu ya jioni. Asubuhi aliendesha gari dakika arobaini kwenda shambani kwa Mama Verna, bibi wa Kimarekani wa miaka themanini na moja, aliyeanguka kwenye ngazi za baraza akavunjika nyonga. Bibi huyo alifuga mbuzi wa maziwa walioitwa mbuzi wa Ansel, kwa jina la babu yake aliyewatunza katika bonde lile kabla barabara haijafika. Walikuwa wadogo, rangi ya majivu, na mstari mweupe kutoka kwenye paji mpaka puani. Maziwa yao mazito yaliacha utando kwenye kikombe. Zamani bonde zima lilikuwa nao. Sasa walibaki majike kumi na mmoja na beberu mmoja, Kapteni, na wote walikuwa kwenye banda la Mama Verna.

Alimwamini Bisimwa tangu siku ya kwanza alipokuja kununua mbuzi wa sherehe, akashika kiwele cha jike mmoja, akasema huyu ataumwa upande wa kushoto kabla ya Jumapili. Akaumwa Jumamosi. Kule kwao wilayani Walungu, Bisimwa alikuwa fundi wa mbuzi kama baba yake. Huku alikuwa namba iliyoandikwa kwenye kizibao cha kazi. Kwa hiyo Mama Verna alipopelekwa nyumba ya wagonjwa na kumwomba amtunzie mbuzi mpaka atembee, Bisimwa alikubali kabla mke wake hajamaliza kutafsiri.

Shida ilikuwa Kapteni. Beberu akianza kutaka majike hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, ndiyo marashi yake, na marashi hayo hayatoki kwa sabuni moja wala tatu.

“Papa Gloire, ile koti uiache nje,” Esperance alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao.

“Nje kuko baridi. Itaganda.”

“Igande. Sisi tumeshaganda kwa haya.”

Hakuwa anatania. Jumapili iliyopita Clémence wa kwaya alikuwa amehama benchi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga ngoma, “Mama Gloire, leo mmekuja kuabudu na mifugo?” Kwaya nzima ikacheka. Esperance aliimba ubeti wa kwanza akitabasamu kwa meno tu. Na hilo angelisahau. Lililomkaa rohoni lilikuwa la ghalani. Msimamizi, kijana wa rika la binti yao, alikuwa amemkabidhi Bisimwa kipande cha sabuni mbele ya wenzake, akampigapiga begani. Bisimwa alisema asante, maana hakujua kinachosemwa mtu akipewa sabuni.

“Ulisema asante?” Esperance aliuliza.

“Ningesema nini?”

Esperance aligeukia sufuria. Alipogeuka tena alikuwa ameshaamua.

“Donc, basi, wewe ni fundi. Muhasi huyo beberu, aache kunuka.”

Bisimwa alifikiri. Kwao, mtu aliyepewa mbuzi wa mwenzake awatunze, akimhasi dume vizuri, husifiwa: dume hunenepa, hapigani, haharibu maziwa kwa harufu. Majike wakitaka dume, unaazima wa jirani. Hakuna kijiji kinachokosa beberu. Baba yake alikuwa ameifanya kazi hiyo mara mia na hakuna mwenye mbuzi aliyelalamika, tena walimletea pombe ya ndizi.

“Bon. Nimuulize mwenyewe kwanza.”

“Mwenyewe amelala na maumivu yake ya nyonga, umpelekee habari za mapumbu? Mimi ndiye nitakayetafsiri, na mimi sitatafsiri hilo neno.”

Wakacheka wote wawili. Gloire, binti yao, alitokea chumbani akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye hajasikia kitu na hataki kusikia. Siku ya tatu Bisimwa alikwenda na kisu chake kidogo, maji ya moto na dawa ya kidonda. Alifanya kazi safi. Kapteni alilia mara moja tu.

*

Jumapili walikwenda kumwona Mama Verna. Bisimwa alikuwa amepanga kumpa habari mwishoni, kama zawadi. Lakini Mama Verna alikuwa na daftari lake kwenye mapaja, na alianza yeye.

“Mwambie Bisi, tarehe kumi na tano mwezi wa kumi na moja amweke Kapteni na majike wote. Watazaa mwezi wa nne, nyasi zikiwa nzuri.” Alifungua ukurasa, akaweka kidole. “Yule beberu mzee alikufa kiangazi hiki. Kapteni ndiye dume pekee wa damu hii aliyebaki. Akipita huyu, mbuzi wa babu yangu wamekwisha. Ndiyo maana nalala usingizi, nikijua yuko mikononi mwa Bisi.”

Esperance alitafsiri polepole, kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa tisa, Bisimwa akiwa anakamua, Mama Verna alikuwa amemshika Esperance mkono pale kwenye uzio, akamwonyesha beberu, akamwambia maneno hayo hayo. Kiingereza cha Esperance ni cha kuogesha wazee na kuwapa dawa, lakini kinatosha. Alielewa kila neno. Akasema yes, yes, na kichwani mwake akawaza, hawa Wazungu nao, kulilia dume. Hakumwambia mume wake, kwa kuwa hakuona kama ni habari. Na siku ya sabuni alikumbuka. Alikumbuka vizuri kabisa, akasema muhasi.

Uso wa Bisimwa ulikuwa umebadilika rangi kama majivu yaliyomwagiwa maji.

“Anasema nini?” Mama Verna aliuliza.

“Anasema atafanya,” Esperance akajibu.

*

Tarehe kumi na tano Bisimwa alimfungulia Kapteni zizi la majike. Alijua, lakini mtu hujaribu. Jike mmoja alikuwa anapiga mkia na kulia, anataka dume. Kapteni alimnusa, akasimama kidogo kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, akaenda kula nyasi. Baada ya wiki tatu majike walianza kulia tena. Hakuna aliyeshika mimba.

Kila Jumapili Mama Verna aliuliza, “Wamepandwa?” Na kila Jumapili Bisimwa aliinua dole gumba, kwa kuwa dole gumba halihitaji mkalimani. Akirudi nyumbani alikuwa hali chakula.

“Kosa ni langu,” alimwambia mkewe. “Kutunza nilitunza, lakini sikuuliza. Fundi gani haulizi?”

Esperance alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

“Utasema nini akijua?”

“Majike watataka dume mpaka mwezi wa kwanza. Tukipata dume wa damu ileile kabla ya hapo, hatajua.” Bisimwa alisogeza kiti. “Kapteni alikuwa na pacha. Unakumbuka Zenoni wa Columbus, aliyekuja kwenye msiba wa pasta? Nilimpeleka mimi kwa Mama Verna. Alinunua yule pacha, bado mtoto wa mbuzi, mzima mzima, akampakia kwenye gari.”

“Si atakuwa ameliwa?”

“Labda, na bibi ndivyo anavyodhani. Labda hapana.”

Waliomba ruhusa kazini, Ijumaa na Jumamosi, ruhusa bila malipo, wakaondoka asubuhi na kreti la mbwa nyuma ya gari.

*

Zenoni alikaa Gahanna, kando ya Columbus, na kutoka kibarazani kwake uliona ndege zikishuka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Bisimwa! Fundi wa Walungu! Ulimhasi mfalme?”

“Cheka umalize, ndugu. Kisha uniambie pacha yuko wapi.”

Zenoni akaacha kucheka. “Yuko Buffalo. Yuko mzima. Lakini bon, iko na shida. Nilimtoa kwa mahari ya Ombeni, kijana wangu. Mzee Mutware pesa alipokea, lakini akasema binti yake hatoki kwa karatasi tupu, lazima mguu wa mnyama ukanyage ua wake. Basi nikampelekea ile beberu.”

Esperance alishika kichwa. Hakuna haja ya kueleza kwa mtu wa kwetu. Mnyama wa mahari hurudi kwa njia moja tu, ndoa ikivunjika. Ukienda kumwomba, umeomba binti arudishwe kwao.

“Na mke wa Ombeni ana mimba ya miezi saba,” Zenoni aliongeza. “Donc, mkifika kule, jina langu mliache hapa hapa kibarazani.”

Aliwafungia chapati za njiani. Hakuwaaga kwa furaha.

*

Mutware na mke wake Bamurange walikaa upande wa magharibi wa Buffalo, lakini mbuzi wao walikuwa nje ya mji, kwenye ua waliopangishiwa na mkulima mmoja. Theluji ilikuwa imefika magotini. Kabla hawajashuka kwenye gari, harufu iliingia.

Esperance aliivuta. Ile iliyomfukuza kwenye benchi la kwaya sasa ilimletea machozi ya furaha. Beberu alikuwa amesimama juu ya marobota ya nyasi, rangi ya majivu, mstari mweupe mpaka puani, Kapteni mtupu, ila huyu alikuwa ananuka.

“Mzee,” Bisimwa alisema, kofia mkononi, “nitakupa madume wawili kwa huyu mmoja. Wanono. Hata watatu.”

Mutware alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. “Mnyama wa mahari haondoki. Ukinipa kumi, watu watasema Mutware amerudisha mahari. Mtoto aliye tumboni atazaliwa mwana wa nani?”

“Mzee, ni dharura.”

“Dharura gani?”

“Kosa langu. Nilimharibu dume wa bibi mmoja aliyeniamini. Nilihasi bila kuuliza. Damu yao inakwisha kwa sababu yangu.”

Alisema hivyo mbele ya mzee, theluji ikimwangukia kwenye upara. Esperance alikuwa pembeni yake, akiangalia viatu vyake.

Bamurange alimtazama mwanamke yule, akamwambia, “Mama, tuache wanaume wapigwe baridi. Njoo tukasonge bugali.”

Nyumbani, jikoni, alimpa mwiko na akakaa kwenye stuli. Alikuwa na umri wa kuwa mama yake.

“Nikutegee?”

“Tega, mama.”

“Mmoja amebeba kuni, mwenzake ndiye anayeumwa mgongo.”

Esperance aligeuza bugali. Mvuke ulimjaa usoni.

“Nimeshindwa. Nakupa mji. Nakupa Louisville.”

“Louisville siitaki. Nataka jibu.”

Mwiko ulisimama. “Ni mimi, mama. Bibi aliniambia. Mwezi wa tisa, kwa mdomo wake, kwamba huyu ndiye wa mwisho. Papa Gloire hakujua. Mimi nilijua, na ni mimi niliyesema muhasi. Kwa sababu walimpa sabuni.”

“Na yeye anajua kwamba ulijua?”

“Hapana.”

“Wiki ngapi umemwacha aombe msamaha peke yake?”

Esperance hakuhesabu kwa sauti.

“Bugali inaungua,” Bamurange alisema. “Ipakue. Tukikaa mezani, utasema mwenyewe. Mimi sitakusaidia.”

Esperance alisema. Wanaume walikuwa wamenawa, mikono bado imelowa. Bisimwa hakumpigia kelele. Aliuliza neno moja tu, “Mwezi wa tisa?” Akajibiwa, “Mwezi wa tisa.” Akachukua tonge, akalishika mpaka likapoa, akalirudisha kwenye sahani.

Mutware alikohoa. “Sikilizeni. Beberu hatoki kwangu. Lakini majike wakija kumtembelea, hiyo si kurudisha mahari, hao ni wageni, na mimi sifukuzi wageni. Waleteni. Ila ni majike wa bibi, siyo wenu. Aseme ndiyo mwenyewe, akijua yote. Siwezi kuweka dume wangu kwenye uongo.”

Njia ya kurudi ilikuwa ya saa nane. Karibu na Erie walisimama kituo cha mafuta. Tangu waoane, miaka ishirini na mbili, Bisimwa alikuwa hajawahi kwenda kununua chai akarudi na kikombe kimoja. Siku hiyo alirudi na kimoja, akakinywa.

*

Nyumba ya wagonjwa Esperance aliijua harufu yake, maana yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye nyumba kama ile, upande mwingine wa mji. Mama Verna alikuwa kwenye kiti cha magurudumu dirishani. Bisimwa alisimama mlangoni. Safari hii hakuinua dole gumba.

“Wamepandwa?” Mama Verna aliuliza.

“Hawajapandwa,” Esperance alisema kwa Kiingereza chake, polepole, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. “Kapteni si dume tena. Alihasiwa mwezi wa kumi.”

Bibi alimtazama kama hakusikia. Kisha akasikia. Mikono yake ilianza kupapasa juu ya blanketi, inatafuta kitu ambacho hakikuwapo.

“Nani alishika kisu?”

“Mume wangu.”

“Na nani alijua?”

“Mimi. Yeye hakujua. Uliniambia mimi, sikumwambia, na ni mimi niliyemtuma.”

“Kwa nini?”

Esperance alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alipoulizwa, yote yalionekana madogo mno kuweka mbele ya mtu wa miaka themanini na moja. “Alikuwa ananuka,” alisema. “Watu walitucheka.”

Mama Verna aligeuza uso dirishani. Nje kulikuwa na maegesho ya magari tu, lakini aliyatazama muda mrefu. Esperance alieleza habari za pacha, za Buffalo, za mzee Mutware na sharti lake. Hakujua kama anasikilizwa, akaendelea tu, maana kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Alipomaliza, bibi alinyoosha mkono bila kumtazama.

“Kalamu.”

Alifungua daftari kwenye jina la Kapteni. “Tarehe gani?” Esperance akaitaja. Mama Verna akaiandika. Akafungua ukurasa mwingine. “Mchukueni Ruby, na Pearl, na June. Na Hazel. Dot msimchukue, magoti yake hayataiweza safari.”

“Dot nilikuwa sitamchukua,” Bisimwa alisema kwa Kiswahili kutoka mlangoni. Esperance akatafsiri. Bibi akatikisa kichwa kidogo, kukubali, na kwa mara ya kwanza akamtazama Bisimwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

Bibi alikuwa ameteleza chini kwenye kiti, na mhudumu hakuwapo. Esperance aliona, mikono yake ikaenda yenyewe: mmoja chini ya kwapa, mwingine chini ya mapaja, akampandisha kama anavyowapandisha wazee wengine kila siku. Bibi alikuwa mwepesi. Shavu lake liligusa shavu la Esperance, akaliondoa.

“Na Kapteni?” Esperance aliuliza, akiwa bado ameinama. “Tumfanye nini?”

“Hamtamchinja.”

“Hatutamchinja.”

“Atakaa pale pale. Kila asubuhi alishwe yeye kwanza, kabla ya wote. Na amlishe nani?” Mama Verna alifunga daftari. “Wewe. Siyo mumeo.”

*

Majike wanne walikwenda Buffalo baada ya Krismasi, wakarudi baada ya wiki tano, wananuka. Watatu walishika mimba. Kama kuna dume tumboni mwao wa kuendeleza damu ile, au majike watupu, hilo lingejulikana mwezi wa sita, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Esperance aliomba kubadilishiwa zamu. Saa moja asubuhi alikuwa bandani na ndoo ya pumba. Majike walilia kwenye uzio, wenye mimba kwa sauti kubwa kuliko wengine, na Bisimwa alisimama nao akingoja, ndoo zake mbili zimejaa, maana agizo lilikuwa ni agizo. Siku hizo alikuwa ameanza kumsemesha tena, maneno ya kazi tu: shika hapa, funga pale.

Kapteni alikuja mbio. Alikuwa amenenepa, manyoya yake laini, hana harufu yoyote. Alimsugua Esperance pajani kwa paji lake lenye mstari mweupe, taratibu, kama anavyosalimiwa mtu wa nyumbani. Esperance angependa ampige pembe, hata mara moja. Alimwagia pumba, akasimama mpaka alipomaliza, halafu akaita uzioni, “Tayari, Papa Gloire. Amekula.”